Tulivyomwitikia Maitu

Harufu ya mananasi yaliyoiva ilitoka mashambani ikaingia katika ploti yetu ya mabati pale Thika bila kubisha hodi, ikachanganyika na uji wa wimbi na nepi zilizoanikwa hadi langoni. Mama akiwa katika likizo ya uzazi, dada yangu Nyambura alirudi nyumbani kutoka wodi ya watoto, alikolazwa tangu azaliwe. Alilia, jamani, hadi kuku wa Ruiru wakaacha kutaga. Ukimlaza tu, kilio. Na likizo ikiisha mama alitakiwa kurudi kiwandani. Mtoto asipokubali kubaki na Cucu, nyanya yetu, mama angepoteza kazi.

Kwa desturi yetu Wakikuyu, Nyambura alipewa jina la Cucu, aliyemzaa mama. Kwa hiyo mama alimwita "Maitu", mama yangu, na hakuwa anatania. Kilio kikianza tu, aliitika, "Nakuja, Maitu," povu la sabuni likimfika viwikoni, kisha akaja kweli. Mimi na Cucu tukaamriwa kuitika vivyo hivyo. Niliitika nikiwa bafuni, nikiwa dukani, nadhani hata kanisani. Jirani yetu Mama Karis alitucheka: "Huyo Maitu wako atakukalia kichwani. Wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe." Mama akamjibu, "Huyu halilii wembe, ananililia mimi." "Basi mwache apanue mapafu." "Na mama yako akikuita kutoka kitandani, utamwacha apanue mapafu?" Mama Karis akarudia sukuma wiki yake.

Asubuhi ya kurudi kazini, mama alisimama nje ya mlango, mkoba begani, hawezi kwenda hawezi kurudi. Ndani, Nyambura akaanza. Cucu, aliyekuwa akikoroga uji nyuma ya pazia, akasema bila haraka, "Nakuja, Maitu." Kilio kikakatika. Mtoto akatia vidole mdomoni, akalikodolea macho pazia, akangoja. Mama alijipangusa uso kwa leso, akaenda.

Siku hizi Nyambura anafundisha Eldoret. Mama na Cucu wamelala kaburini Gatundu. Mimi niko Ruiru, ghorofa ya tano, katika jumba lililoahidiwa lifti tangu enzi za Nuhu. Juzi jino liliniuma mchana kutwa, na mtu mzima mimi, mwenye cheti cha masomo ya jioni, nikajikuta nimeita, "Maitu." Kisha nikasikiliza kama kuna atakayeitika, "Nakuja." Jirani wa juu aliburuta kiti.