Wanaoshukiwa

Mtangazaji mmoja wa redio alikuwa na sauti tulivu, hata mama yake, aliyemsikiliza jikoni kila mchana, alizoea kusema kwamba habari mbaya akiisoma binti yake hupungua uchungu. Mama mwenyewe hakuwa mtulivu. Wajukuu wakichovya vidole kwenye sukari, alifoka: "Tokeni humo, wahalifu wakubwa nyinyi!" Nao walitimua mbio wakicheka.

Siku moja, taarifa ya habari ikikaribia, simu ya mtangazaji iliita. Alikuwa mke wa mdogo wake wa kiume aliyekuwa kinyozi.

"Wifi, wamemchukua!"

"Nani kachukuliwa?"

"Mume wangu! Kuna mteja aliacha begi saluni, kumbe limejaa simu za wizi. Polisi wamezoa kila waliyemkuta."

"Yeye alijua?"

"Wifi, begi la watu angelifungua kwa nini?"

Muda wa taarifa ulikuwa umewadia, akakata simu. Mhariri alikwishamwekea karatasi mezani, na habari ya kwanza ilisomeka: "Wahalifu wanne wamekamatwa na simu za wizi katika saluni ya kunyolea." Mtaa ulitajwa. Aliinuka na karatasi, akamfuata mhariri.

"Bosi, hawa hata mahakamani hawajafika. Ni washukiwa."

"Polisi wamesema wahalifu. Soma hivyo."

"Mmoja wao ni mdogo wangu."

Mhariri alivua miwani. "Pole sana. Lakini wale vijana wa gereji uliwaita wahalifu juzi tu, wala hukuuliza. Au neno linauma likifika kwenu?"

Ilikuwa kweli. Aliingia studio na karatasi ile. Taa nyekundu ikawaka.

"Watu wanne wanaoshukiwa kwa wizi..." alisoma, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka hewani.

Alipotoka, mhariri hakumtazama. "Kesho usije. Kaa na familia." Hakujua kama ni huruma au ndiyo anafukuzwa. Kabla hajafika mlangoni, mama yake akapiga.

"Mwanangu, mbona sauti inakukatika? Unaumwa?"

Ilibidi amwambie. Mama akauliza polepole, "Kumbe ulikuwa unamsoma mwanangu?"

Siku zilizofuata alishinda na wifi yake kwenye benchi la kituo cha polisi, kila mlango ukifunguliwa wakiinuka, kisha wakikaa. Wifi hakula. Mtangazaji naye alikuwa akijiuliza kimoyomoyo swali ambalo asingethubutu kulitamka: je, kama mdogo wangu alijua?

Mwenye begi alikamatwa mtaa wa pili, akakiri kwamba kinyozi hakuhusika. Kinyozi akaachiwa, amekonda, ndevu zimemjaa.

Mtangazaji aliitwa kazini. Mhariri hakuomba radhi, ila kwenye karatasi ya siku hiyo, habari ya wizi wa nyaya za umeme, alikuta neno "wahalifu" limekatwa kwa kalamu.

Jioni alipita saluni. Muuza matunda wa jirani alimwita kwa sauti ya chini: "Dada, eti yule mhalifu katoka?"

"Katoka. Ni mdogo wangu."

"Aa! Samahani, dada. Ndivyo watu wanavyosema."

Ndani viti vilikuwa vitupu. Kinyozi alikuwa akifuta kioo ambacho tayari kilikuwa safi, na kila kivuli kilipopita mlangoni aligeuka haraka kutazama ni nani.