Tyubu Iliyokunjwa na Mwiba Uliosingiziwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa beseni la maji na gunia la tyubu zilizotoboka. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, maana nilidhani fundi wa karakana ya ushirika pale Songea mjini ni mtu wa kusimama na kuelekeza kwa kidole. Mkuu wa Karakana, mzee mfupi mwenye aproni iliyomfika karibu na miguu, alilitazama shati langu, akacheka, akanisogezea kigoda.

Kuziba pancha mnakujua: unajaza upepo, unazamisha tyubu majini, penye mapovu ndipo penye tundu. Mpaka saa sita nilikuwa nimemaliza nusu gunia, nikaenda kujisifu. Mzee hakuinua hata macho.

"Tundu analiona hata mpita njia," alisema. "Mimi nataka uniambie limetoka wapi."

Akanikalisha tena. Tundu dogo upande wa nje ni mwiba au kipande cha chupa, na ukilipapasa tairi lenyewe utakuta njia ulimopitia. Tundu upande wa ndani ni kichwa cha spoki. Matundu mawili yaliyokaa sambamba, mwenye baiskeli amegonga jiwe upepo ukiwa haba. Mpasuko juu ya mkunjo, hapo tyubu ni kubwa kuliko tairi, na aliyekosea ni fundi. Aliposema fundi alinigonga kifuani kwa spana, taratibu, lakini ujumbe niliupata.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Tunduru, chini ya Msimamizi wa Stoo, mtu wa swala tano mwenye shamba la mikorosho na subira ya kumwaga. Huyu ndiye aliyenifundisha kuchagua. Hakuruhusu tyubu itoke stoo kabla hujamsomea kwa sauti namba za ubavuni mwa tairi, kisha za kwenye boksi la tyubu. Siku moja nilikisia. Alinipokonya boksi.

"Astaghfirullah! Kijana, tyubu ni kanzu ya tairi. Ikizidi utaikanyaga, ikipungua itachanika ukirukuu. Ukikisia unamdhulumu mtu ambaye hata hujamwona."

Kituo changu cha tatu, karakana ilipofungwa, kilikuwa duka la vipuri mtaa wa Lizaboni, huku Songea. Hapo Meneja wa Duka alinipa elimu ya aina nyingine. Mteja akirudi na tyubu aliyoinunua jana imepasuka, jibu ni moja tu: mwiba.

"Na kama si mwiba, bosi?"

"Mwiba hauji hapa kujitetea."

Nilicheka siku hiyo, na jibu hilo nikalitumia miaka mingi. Najua mafundi wenzangu mnaosoma hapa mnatabasamu. Nusu ya miiba ya Songea haijawahi kuota popote.

Nilipokaribia kustaafu, klabu ya waendesha baiskeli wa mjini iliniomba niwe fundi wao. Hizi ni baiskeli za resi, nyingi zimetumika ng'ambo kabla ya kufika kwetu, na tairi zake ni nyembamba kama kidole gumba. Hapo tyubu haitaki mzaha. Tairi limeandikwa mia saba kwa ishirini na tano: mia saba ni ukubwa wa gurudumu, ishirini na tano ni unene wa tairi kwa milimita. Tyubu nayo huandikwa inafaa kuanzia unene gani hadi upi, na unene wa tairi lako lazima uangukie humo. Tyubu nyembamba mno itavutika, iwe laini, ipasuke kwa kitu kidogo. Nene mno itakunjamana ndani. Kisha unatazama valvu, kile kichuma cha kuingizia upepo: rimu likiwa na kina, valvu fupi haitachungulia nje na pampu haitapata pa kushika. Zipo pia tyubu nyepesi sana wanazozipenda vijana. Zinakimbia, sikatai, ila kila asubuhi ni kupampu upya. Kwa kokoto za barabara zetu mimi nachagua za mpira wa kawaida, na anayetaka kubishana aje na pampu yake.

Katika klabu hiyo alikuwepo binti mmoja, Gaudensia, fundi cherehani wa Mshangano, aliyepanda milima kana kwamba anateremka. Mashindano ya kuchagua timu ya mkoa yalipokaribia, alihitaji tyubu ya mbele. Ya saizi yake niliyoiagiza Dar es Salaam ilikuwa haijafika na basi. Nilikuwa na nyingine, ya kuanzia thelathini na mbili, na tairi lake lilikuwa la ishirini na tano. Nikaipaka poda isishikane, nikaibembeleza mpaka ikaingia.

"Babu, hii inafaa?" aliniuliza.

"Inafaa," nikamjibu.

Nilijua haifai. Nilisema hivyo kwa sababu niliona haya, fundi mzee kama mimi, kumwambia sina.

Siku ya mashindano alikuwa anaongoza. Kwenye mteremko wa barabara ya Mbinga tyubu ya mbele ikapasuka, akaanguka, bega likaumia na wenzake wakampita. Watu wote walisema mwiba. Nilinyamaza. Nilipofungua gurudumu lile, tairi halikuwa na tundu popote. Tyubu ilikuwa imepasuka juu ya mkunjo, urefu wa kidole.

Wiki mbili Gaudensia hakuonekana mazoezini. Mwalimu wa klabu akaniambia binti ameamua kuacha. Alijiona hana macho ya barabarani, kwamba mwendeshaji wa kweli angeuona ule mwiba. Na mchujo wa pili, wa nafasi moja iliyobaki, ulikuwa mwezi uliofuata. Chakula kilinishinda. Nikatia ile tyubu mfukoni mwa koti, nikaenda Mshangano.

Nilimkuta uani na mama yake wakipukuchua mahindi. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani bila gurudumu la mbele.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mama." Sikukubali kukaa. Mtu akishakaa na kupewa togwa hupata visingizio vya kuzunguka. "Gaude, hapakuwa na mwiba. Wewe hukukosea kitu. Tyubu niliyokuwekea ilikuwa kubwa, na nilijua."

Mama yake aliacha kupukuchua. "Sasa mzee, mtoto kalala na bega lile siku zote hizi, unakuja kutuambia leo?"

"Leo, mama. Nimechelewa kwa woga."

Gaudensia aliipokea tyubu, akaupitisha ule mkunjo kati ya vidole kama anavyopapasa kitambaa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nilistahili.

"Babu," akasema, "mimi nikikosea kukata gauni, mteja namwambia amenenepa."

Mama yake akageuka. "Kumbe! Na lile langu la Pasaka?"

Tukacheka watatu. Mimi machozi yalinitoka na sikuyaficha.

"Haya, nifundishe kuzisoma hizo namba," Gaudensia akasema. "Sitaki kukuuliza tena inafaa au haifai."

Nilimfundisha mwezi mzima, na kwenye mchujo wa pili nafasi ile aliichukua yeye. Mwaka huohuo nilistaafu. Sasa niko kwangu Ruhuwiko, napalilia mahindi, na vijana huja kuniuliza siri ya kazi. Huwa wanataka jina la tyubu isiyopasuka. Haipo. Nawaambia wasome namba, na wakikosea waseme mapema, mteja angali anajiamini.

Juzi Gaudensia aliniita klabuni nimkague magurudumu kabla timu haijasafiri. Ana rimu mpya sasa, zenye kina zaidi. Nikachagua tyubu, nikampa. Alisoma boksi, akaitoa, akapima valvu kwenye rimu.

"Babu, hii hapana. Haitatokeza."

Klabu nzima ilikuwa inatazama. Nikavaa miwani, nikapima mwenyewe.

"Kweli," nikasema kwa sauti ya kuwafikia wote. "Nimekosea."

Nikairudisha kwenye boksi, nikamshikia gurudumu huku akivalisha aliyoichagua mwenyewe.