Chupa Iliyofunguliwa

Rafiki yangu alikula samaki aliyeharibika, nyumbani kwao Likoni, akahara na kutapika mpaka macho yakazama na sauti ikakatika. Tukamvusha kwa feri mimi na mamake, nimembeba mgongoni kama gunia la nazi. Yule kwangu alikuwa zaidi ya ndugu. Aliyemgusa yeye alinigusa mimi, na mikono yangu siku zile haikuwa na subira.

Hospitalini dresa akamchoma sindano mkononi, akatundika chupa ya maji ya chumvi, akayaachia yashuke mbio. Ikaisha, ikaja nyingine. Wallahi nilimwona mtu akirudi. Jioni akanitukana: "We punda, umenibeba vibaya, mbavu zaniuma!" Nikacheka mpaka wagonjwa wakanigombeza.

Asubuhi tukakuta chupa yadondoka tone, kimya, halafu tone. Uso wa rafiki yangu umevimba. Mamake akanishika mkono. Kwetu anayetiliwa maji matone matone ni yule anayekata roho. Aliye hai hupewa kikombe.

"Mwanangu washamkatia tamaa," akasema.

Basi nikawaka. Nikamfuata dresa mpaka kwenye kabati la dawa, mwisho wa wodi.

"Mwatubania maji? Wazungu mwawabania?"

"Punguza sauti, kijana. Jana alikuwa mkavu, tukammiminia, yakamwokoa. Leo figo zimelala. Tangu jana hajakojoa. Maji yasiyotoka yatakwenda wapi?"

"Mwili mzima ule, ukose nafasi?" Nilikuwa nimejisomea vitabu vya kuokota, najiona najua.

"Yatampanda kifuani. Atazama papo hapo kitandani."

Nikafungua mdomo nimjibu, tukasikia kikohozi. Tukarudi mbio. Maji yalikuwa yakishuka kama mfereji, chupa karibu tupu. Mamake amesimama pale, mkono mmoja bado kwenye kibano cha mpira wa chupa, mwingine wampapasa mwanawe kichwa.

"Kunywa, baba. Kunywa ushibe."

Dresa alikibana kile kibano, akamkalisha mgonjwa. Povu lilikuwa lamtoka mdomoni, anavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa baharini. Adhuhuri haikumkuta.

Dresa akamtazama yule mama, kisha mimi. Akaichomoa sindano bila kumlaumu mtu. Nilimheshimu kwa hilo, mimi niliyekwenda kumpiga.

Matangani watu wakasema, "Wamemuua wale wa hospitali." Sikuitika, sikukana. Jirani mmoja akaninong'oneza ati kasikia chupa ilifunguliwa na mtu. Nikamwambia akilirudia neno hilo nitamng'oa meno, na alijua nitamng'oa.

Baada ya watu kutawanyika mamake akaniita, kakaa mkekani, buibui imemteleza mabegani.

"Mwanangu, wewe wasoma. Yale maji hayakumfaa?"

"Yalimfaa, mama. Siku ya kwanza."

Akangoja niendelee. Nikamrudishia buibui mabegani.