Foleni ya Mzee Muhuri

Kwa miaka ishirini na sita hakuna barua iliyoingia katika kampuni ile ya pampu za maji bila kupita mikononi mwa Mzee Muhuri. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wenzake, naye hakulikataa. Alikuwa karani wa masjala. Barua ikifika, aliifungua kwa kisu kidogo, akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaipa namba kwenye rejista, kisha akaijibu zamu yake ilipofika. Hata barua za meneja zilipanga foleni. Meneja aliwahi kufoka mara moja, baadaye akazoea.

Nyumbani alikuwa vilevile, na huko ndiko mambo yalikomharibikia. Binti yake wa pekee, muuguzi, alimjia siku moja akamwambia amepata mchumba, tena amepata kazi nchi ya mbali. Mzee alikuwa anakula. Akamjibu bila kuinua kichwa, "Niandikie, nitalitazama." Kusema kweli hakuwa na nia mbaya, ndivyo alivyomjibu kila mtu aliyemletea jambo. Binti akabeba begi lake, akaenda zake, na miaka mitatu ikapita kimya. Tangu hapo, kila asubuhi mfuko wa posta ulipoletwa, Mzee aliupekua wote kutafuta mwandiko wa mwanawe, ndipo aanze kazi. Ilikuwa foleni pekee aliyowahi kuiruka.

Basi meneja akarudi safarini na simu nene, yenye vitufe vya herufi zote, vidogo kama punje za mtama.

"Wateja siku hizi wanaandika barua pepe," alisema. "Zinaingia humu humu. Na mwenye barua hapa ni wewe, Mzee. Shika."

Mzee Muhuri akashika. Tatizo la kwanza lilikuwa muhuri, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuugonga. Akaamua kila barua pepe ainakili kwa kalamu kwenye karatasi, neno kwa neno, aigonge muhuri, aipe namba, halafu ndiyo aijibu kwa vidole gumba. Tatizo la pili lilikuwa kitaa chekundu kilichopepesa kila ujumbe ulipoingia. Aliona hiyo ni haraka isiyo na adabu, akakibandika plasta. La tatu hakulipatia dawa: kila alipomaliza kujibu, simu iliongeza chini, kwa hiari yake, kwamba ujumbe umetumwa kutoka kwenye simu yake. "Nani kaiuliza?" alilalamika wiki nzima.

Zaidi ya hayo, simu iliweka barua mpya juu na za zamani chini. Mzee aliona ni upuuzi mtupu. Kila asubuhi alishuka mpaka chini kabisa, akaanza kupanda.

"Mzee, za leo ziko juu," dada wa mapokezi alimwambia. "Si uzifungue tu uone?"

"Huyu wa juu kafika lini, mwanangu?"

"Sasa hivi."

"Na wa chini?"

"Ijumaa."

"Haya. Nenda wewe ukamweleze wa Ijumaa."

Dada akarudi kwenye meza yake.

Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, Mzee alifika namba 131. Ilitoka kwenye anwani ya mapokezi ya hospitali fulani, naye akadhani wanataka pampu. Akachukua kalamu, akaanza kunakili.

"Baba, uliniambia nikuandikie. Naandika. Alhamisi nitapita uwanja wa ndege wa hapo kwenu kubadilisha ndege. Nitafika saa saba mchana na kuondoka saa kumi na moja. Nipo na mwanangu. Kama unataka kutuona, njoo mlango wa mbele. Anwani hii nimeitoa kwenye tangazo lenu."

Mkono ulikuwa umeshanakili hadi "saa kumi na moja" ndipo kichwa kikaufikia. Akatazama tarehe ya ujumbe: Jumatatu. Akatazama kalenda ukutani, akatazama saa. Vyote vitatu alivikagua mara mbili, maana ndiyo kazi yake. Halafu akaiacha kalamu wazi juu ya rejista, akatoka mbio.

Dereva wa kampuni alikuwa anapakia mzigo.

"Nipeleke uwanja wa ndege."

"Mzee, nina pampu ya mteja. Amekutangulia, anasubiri tangu asubuhi."

"Atasubiri," alisema Mzee Muhuri. Dereva akamtazama kama mtu anayeumwa, akawasha gari.

Walifika saa kumi na dakika ishirini. Mlango wa mbele hapakuwa na mwanamke mwenye mtoto. Mlinzi alimwambia abiria wa ndege ile wameshaingia, na bila tiketi haingii mtu. Mzee akabaki kwenye lami. Akaitoa simu mfukoni, akabandua plasta. Kitaa kilikuwa kinapepesa. Kwa mara ya kwanza akafungua barua ya juu.

"Baba, nimekusubiri mpaka wameniambia niingie. Huku ghorofani kuna kompyuta, nitakaa hapa mpaka ndege iitwe. Kama hutaki, haidhuru. Nimeelewa."

Ilikuwa imeingia dakika kumi na moja tu zilizopita. Vidole vyake vikaanza, kwa mazoea, "Rejea barua yako", akafuta herufi moja moja. Akaandika upya: "Nipo nje mlangoni. Nataka. Nilichelewa kuisoma. Nisamehe mwanangu." Akatuma. Simu ikaongeza maneno yake pale chini, naye safari hii hakubishana nayo.

Akasimama ameikodolea macho, ameishika kwa mikono miwili. Mlinzi akamwomba asogee, hakusikia. Kitaa kikapepesa.

"Inua kichwa, Baba."

Akainua. Ghorofani, nyuma ya kioo, binti yake alikuwa amempakata mtoto, amekishika kimkono chake, anampungia babu yake. Mzee Muhuri akalia pale pale mbele ya mlinzi, hakujali, akapunga kwa mkono ulioshika simu. Walipungiana hivyo karibu robo saa. Mtoto ndiye aliyechoka kwanza.