Mkwe Kwenye Meza ya Mavuno

Siku hizi naona mama mkwe anammiminia mkwe wake chai, kisha anakaa naye kuzungumzia bei ya kahawa. Sisemi ni vibaya. Lakini wakati wa Mjerumani, huku kwetu mlimani Meru, mwanamke aliyeozesha binti hakula mbele ya mume wa binti huyo hata kwa bahati mbaya. Wakikutana njiani, mmoja aliingia migombani mpaka mwenzake apite. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na watu waliishika kama walivyoshika mipaka ya mashamba yao.

Mimi nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu. Kabla ya hapo nilifanya kazi jikoni kwa Bibi wa misheni, mke wa mchungaji wetu Mzungu, na kwa hiyo alipopata wazo la karamu ya mavuno aliniita mimi kwanza. Karamu zetu zote, alisema, wanaume wako huku na nyama yao, wanawake wako kule na watoto. Safari hii kanisa zima lingekula kwenye meza moja ndefu, kama watu wa nyumba moja. Hata jina alishaipa: Meza Moja. Alilitamka kwa kile Kiswahili chake cha kukaza kila neno, na uso wote ulikuwa unang'aa.

Nilimpenda yule mama, nisiseme uongo. Ila alikuwa na tabia ya kufurahi kabla ya kuuliza.

"Na wakwe je, Bibi?" nikamwuliza.

"Kwa Mungu hakuna wakwe, binti. Kuna ndugu tu."

Kisha akaongeza kwamba wanafunzi wote wa ubatizo lazima wakae na kula mezani. Atakayekataa atakuwa ameonyesha kwamba bado hajawa tayari, na Krismasi hatabatizwa. Alilisema hilo kwa upole, akiendelea kukunja vitambaa.

Mama yangu alikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Alikuwa mjane, mkaidi, mtu asiyependa kufundishwa jambo na yeyote. Lakini mtoto wake wa mwisho, mdogo wangu, alikufa kwa homa, na kabla hajakata roho mchungaji alimbatiza palepale kitandani. Tangu siku ile mama alikuwa anapanda kilima kwenda darasani, kujifunza maneno ya Kiswahili ambayo ulimi wake uliyakataa katakata. "Mtoto yuko kule peke yake," aliniambia. "Sitaki awe anatazama mlango kila mtu anapoingia."

Nilipompelekea habari za meza, alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Nikila mbele ya mume wako, nimewavua nguo, wewe na yeye," akasema. "Nisipokula, mtoto ataendelea kukaa peke yake. Wewe ndiye mpishi wa hao watu. Basi nipikie njia."

Mume wangu naye nilimweleza. Alikuwa fundi wa kuta za kanisa jipya, mtu wa maneno machache na kiburi kingi, ambaye hakuwahi hata kusogeza kuni jikoni kwangu. Akasema atajifanya mgonjwa. Nikamkumbusha kwamba Bibi angekuja mwenyewe na dawa, na uchungu wa dawa ile alikuwa anaujua. Ugonjwa ukaishia hapo.

Njia niliipata tulipokuwa tunatengeneza meza. Mbao za kanisa tulizilaza juu ya magogo, tukatandika kitambaa cheupe cha merikani kilichonunuliwa kwa Mhindi karibu na Boma kule Arusha, na magogo mengine yakawa viti kila upande. Nikakaa kujaribu. Nikaona wote walioko upande wa pili, lakini mwanamke aliyekuwa amekaa mwisho wa gogo langu sikumwona kabisa. Basi nikapanga hivyo: mama huku mwisho, mume wangu kule mwisho, upande mmoja, na katikati yao nikajaza wazee wanene kadiri nilivyowapata. Nilijiona nina akili kupita misheni nzima.

Siku ikafika. Wanawake walikuwa wamepika ndizi na nyama, na ndugu za mume wangu kutoka Moshono walileta maziwa ya mgando, tukachanganya na mahindi kupata loshoro. Watu walikaa wima kama wanangoja hukumu. Wanaume hawakujua waweke wapi fimbo zao. Wake zao walitazama merikani tu. Mama alikuwa mahali pake, mume wangu mahali pake, nami nikashusha pumzi.

Ndipo Bibi alipopita akikagua. Akamwona mama yangu mwishoni, mjane, kama aliyetupwa. Akasikitika. Nilimwona anavyosikitika, na nilitaka kupiga kelele, lakini nilikuwa nimebeba chungu cha moto. Alimshika mama mkono kwa upendo wote aliokuwa nao, akamwongoza mpaka upande wa pili, akamkalisha uso kwa uso na mume wangu. "Familia ikae pamoja," akasema.

Mama alivuta nguo yake mpaka machoni. Angeweza kuinuka aondoke, na watu wote pale wangemwelewa isipokuwa wawili, Bibi na mchungaji, na wawili hao ndio waliokuwa na ubatizo. Hakuinuka. Mchungaji akatuambia tufumbe macho, akaanza kuomba, na kwa mara ya kwanza maishani niliomba sala ya mtu iwe ndefu.

Tulipofumbua macho, mume wangu hakuwa kwenye gogo. Alikuwa amesimama nyuma ya mama, chungu mkono mmoja na upawa mkono mwingine. Akapakua ndizi, akazipitisha juu ya bega la mama, akaziweka mbele yake, akarudi nyuma hatua moja. Mama hakugeuka kutazama mkono ule ni wa nani. Alikula.

Mwanamume kugawa chakula, mbele ya wazee! Mzee mmoja wa kanisa, katika wale wanene niliowapanga katikati, aliangua kicheko, akamwuliza: "Wewe umekuwa mke wa nani?"

"Leo ni mke wa kila mtu," mume wangu akajibu. "Lete sahani."

Lakini aligawa upande ule wa mama tu. Alikwenda na kurudi nyuma ya migongo ileile, wala hakuthubutu kuzunguka meza, maana angekutana na uso wa mama. Watu wa upande wa pili wakaanza kulalamika kwamba wamesahauliwa, ikabidi niwahudumie mimi. Bibi alitoa machozi. Alisema tumtazame huyu, amejifanya mtumishi wa wote. Nilimwacha na machozi yake.

Mume wangu alikula baadaye, nyuma ya jiko, amechuchumaa, akikomba chungu. Nilikuwa nimeozwa kwake na wajomba, na mpaka saa ile nilimheshimu tu. Nilimpenda pale, ana masizi mpaka kwenye viwiko.

Kabla ya Krismasi, wanafunzi waliitwa mbele ya mchungaji na wazee kuulizwa maswali. Nilikaa karibu na mama kumsaidia Kiswahili. Alijibu vizuri, kisha mchungaji akainamisha kichwa, akamwuliza: "Na kwenye karamu, ulikula meza moja na mkwe wako?"

"Nilikula," mama akasema. "Nikashiba."

Mchungaji akawageukia wazee. Wote walikuwepo siku ile. Wote walijua mkwe hakukaa, hakula, wala hakumtazama. Mzee yule aliyecheka alijikohoza, akasimama.

"Ni kweli, Mchungaji," akasema. "Walikula pamoja. Mimi nilikuwa katikati yao."

Nilitoka nje kumwambia mume wangu. Alikuwa amekaa nyuma ya ukuta wa kanisa, mahali ambapo mama asingemwona akitoka. Nikamwambia mama atabatizwa. Alinipa kisogo, na nikaona kiganja chake kinapanda machoni.