Dirisha la Profesa Tostrud

Merle Tostrud alikuwa profesa wa sheria ya mikataba, na kitu pekee alichokipenda kazini kilikuwa dirisha la ofisi yake. Lilikuwa ghorofa ya tatu, linatazama mto. Miaka kumi na tisa alikaa pale na kikombe cha kahawa, akiangalia barafu inavyokatika mwezi wa tatu, wala hakumsumbua mtu. Hilo la kutomsumbua mtu, jamani, ndilo lililomponza.

Maana katika kitivo kile kila mwisho wa mwezi hutoka Waraka. Mle huandikwa maprofesa wamechapisha nini, wamehutubia wapi, na wamehojiwa na nani. Ukifundisha vizuri, huandikwi. Ukimbembeleza mwanafunzi anayetaka kuacha masomo mpaka akabaki, huandikwi. Lakini ukisema neno moja redioni kuhusu talaka ya mwimbaji fulani, umo, tena kwa wino mzito, na Waraka unatumwa kwa vitivo vyote vya sheria nchini, ambako hutupwa bila kufunguliwa.

Bingwa wa Waraka alikuwa Profesa Desmond Pryor. Jumatatu alikuwa mtaalamu wa sheria ya anga, Jumatano mtaalamu wa sheria ya mbwa, Ijumaa wa katiba. Makala yake moja aliichapisha mara nne kwa vichwa vinne, na mara zote Verna, katibu wa kitivo anayeuandaa Waraka, aliiingiza kama mpya. Nani angelalamika? Ingebidi kwanza aisome.

Merle naye aliandika, tusimwonee. Makala yake kuhusu mkataba unaokubaliwa kwa njia ya posta ilikuwa na kurasa mia moja na kumi na mbili, na tanbihi mia nne na kumi na saba. Aliyeisoma hadi mwisho ni yeye mwenyewe. Mama yake, Mungu amrehemu, aliishia ukurasa wa sita, akampigia simu kumwuliza kama anakula vizuri. Hiyo ilikuwa miaka minne nyuma, na tangu hapo jina la Tostrud halikuonekana tena.

Basi mwezi wa pili mkuu wa kitivo, mama mmoja mwenye haraka aitwaye Kessler, akatangaza kikaoni kwamba ambaye hatatokea kwenye Waraka hadi mwisho wa Aprili atahamia chumba cha chini ya jengo, kinachopakana ukuta na mtambo wa kupashia joto. Hakutaja jina. Watu wote wakamgeukia Merle.

Wiki ile ile kituo cha televisheni cha mjini kikapiga simu kumtaka Pryor. Pryor alikuwa Florida, amekwenda kuhutubia juu ya umuhimu wa profesa kuwapo darasani. Verna akaziba simu kwa kiganja.

"Profesa, njoo huku mbio! Wanataka mtu wa sheria. Mtu akisafisha njia yake kwa mashine ya kurusha theluji, ikaangukia kwa jirani, sheria inasemaje?"

"Inategemea," Merle akasema.

"Wewe! Thubutu kusema inategemea mbele ya kamera. Watakukata, na mimi nitakusaidia kubeba maboksi kwenda chini. Sema kitu kimoja, kifupi, kikali."

Akasema. Amevaa tai ya kuazima, mtu yule asiyewahi kumaliza sentensi bila "hata hivyo" akakunja uso akatamka: "Anayerusha theluji yake kwa jirani ni mkosaji. Alichovunja alipe. Hakuna cha upepo, hakuna cha bahati mbaya. Hivyo ni visingizio vya watu wasio na haya."

Utamu ulioje! Saa kumi na mbili jioni alikaa mbele ya televisheni na bakuli lake la viazi na nyama ya kusaga. Sura yake ikatokea. Chini ya sura, kwa herufi kubwa: PROFESA DESMOND PRYOR. Wameacha jina la mtu waliyemtaka mwanzo, basi.

Asubuhi Merle alikuwa mlangoni kwa Verna kabla Verna hajavua koti.

"Pryor keshaileta habari hiyo iingie kwenye Waraka," Verna akamwambia. "Kaituma kutoka Florida alfajiri."

"Lakini sura ni yangu!"

"Najua, Profesa wangu. Nimemwambia mkuu. Anasema Waraka unafuata maandishi, na maandishi yanasema Pryor."

Merle alisimama pale machozi yakimlengalenga, mtu mzima wa miaka sitini na moja, na Verna akajifanya anatafuta kalamu.

Mjini alikuwapo mtu mmoja ambaye hakudanganyika na herufi, naye ni jirani yake, Ione Brekke, mpishi mstaafu wa shule ya msingi. Kwani boksi la barua la kando ya njia, lile la juu ya nguzo, lililoangushwa na theluji ya mashine ya Merle mwezi wa kwanza lilikuwa la nani? La Ione. Na alipomfuata kumwambia, Merle si alimjibu kwamba inategemea? Siku ya kamera hata hakulikumbuka lile boksi. Sheria kwake ilikuwa kitu cha watu wengine. Ione akaja kugonga mlango, simu mkononi.

"Jirani, nimekuona kwenye TV. Umeongea vizuri, mpaka nikakurekodi. Boksi langu unaniletea lini?"

"Mama Brekke, yale yalikuwa maoni ya jumla. Kwa tukio lako lazima tuangalie upepo ulikuwa unatoka..."

"Hakuna cha upepo," Ione akamkata. "Tutaonana mahakamani, mwanangu."

Katikati ya Aprili wakaonana, mahakama ya madai madogo. Merle alileta utetezi wa kurasa kumi na nne wenye tanbihi sitini na tatu. Ione alileta simu yake. Hakimu akaitazama video mara mbili, akavua miwani.

"Profesa, kurasa zako zinasema inategemea. Huyu bwana hapa anasema haitegemei kitu. Ni wewe? Maana pameandikwa Pryor. Kama si wewe, video hii naiweka kando na huyu mama hana kesi."

Loo! Mlango ulikuwa wazi hivyo. Kumtupia Pryor tu, na Ione angerudi kwake mikono mitupu. Merle akamtazama yule mama, na koti lake la kanisani, na mkoba ameupakata. Ningependa kusema alimwonea huruma. Hakumwonea. Aliwaza dirisha.

"Ni mimi, mheshimiwa!" Sauti ilisikika mpaka koridoni. "Merle Tostrud. Naomba hukumu iandike jina langu kamili. Na cheo."

"Unaelewa kwamba ukikubali hivyo umeshindwa?"

"Naelewa kabisa. Ila itakuwa kwa maandishi?"

Ilikuwa kwa maandishi, aya mbili. Hakimu aliandika kwamba, kama alivyosema msomi wa sheria Profesa Merle Tostrud, hakuna cha upepo. Na kwamba mdaiwa, ambaye ni Profesa Tostrud huyo huyo, anunue boksi jipya na kulisimika kwa mikono yake. Verna alicheka mpaka akashika meza, kisha akaandika juu kabisa ya Waraka: "Mahakama yanukuu maoni ya Profesa Tostrud." Mkuu wa kitivo akampa Merle mkono mbele ya watu. Pryor, ambaye mahakama haikuwahi kumnukuu hata siku moja, hakumsalimia wiki nzima. Hukumu yenyewe hakuna aliyeiomba kuisoma.

Jumamosi Merle alikuwa mbele ya nyumba ya Ione, anachimba shimo la nguzo kwenye ardhi ambayo bado ilikuwa ngumu kwa baridi. Ione akatoka na vikombe viwili vya kahawa.

"Kwa hiyo dirisha umebaki nalo?"

"Nimebaki nalo, Mama Brekke." Alikuwa na furaha hata akaiegemeza sururu.

"Vizuri. Niambie basi, mwanangu. Kama dirisha lisingekuwapo, pale mahakamani ungesema ni wewe?"

Merle akafuta jasho. Akaitazama nguzo, akalitazama shimo.

"Inategemea," akasema.

Ione akarudi ndani na vikombe vyote viwili.