Barua Ambazo Armas Hakuzisoma

Mume wangu, Armas Rautio, hakuwa mlevi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa zaidi, kwenye foleni ya duka la mikate na kwenye kahawa ya baada ya ibada: kwamba Juni ile alikuwa amelewa, ndiyo maana sauti za marehemu Darka Petryk zikapotea. Wengine wanasema hakulewa, bali alifanya kusudi kwa kijicho, kwa kuwa Myron Petryk, mume wa Darka, ndiye aliyechaguliwa mwenyekiti wa Chama cha Jumamosi.

Pombe Armas aliiacha mwaka tuliohamia nyumba hii, na huo ni mwaka wa thelathini na sita sasa. Uenyekiti alipewa mara mbili, akaukataa mara mbili. Kosa lilifanyika, sikatai, tena lilifanyika nyumbani mwangu. Lakini aliyelifanya si yeye, na nitamtaja kabla sijamaliza. Jina la Rautio limekaa safi hapa Thunder Bay kwa vizazi vitatu. Sitakubali lichafuliwe na watu wasiojua hata seva, kompyuta ya kutunzia vitu, inakaa upande gani wa nyumba.

Armas alikuwa fundi wa umeme na vipimo katika kiwanda cha karatasi. Siku kiwanda kilipotupa kompyuta zake za zamani, alizipakia nne kwenye kigari cha watoto cha kutelezea thelujini, akazivuta kwa kamba hadi nyumbani. Akazishusha chumba cha chini, ukutani mwa sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke. Mimi nilikuwa nafundisha kemia sekondari na nilikuwa na karatasi za mtihani meza nzima. Nikamwambia achague, makopo yale au mimi.

“Helvi, haya makopo hayali wala hayasahihishi,” akasema. “Yaache yakae.”

Yakakaa. Mojawapo akaiwekea Linux, mfumo wa kompyuta ambao watu wanapeana tu, na anayekwama anawauliza wenzake. Kwa kuuliza na kuulizwa ndiko Chama cha Jumamosi kilikozaliwa. Walikuwa kama kumi: Myron aliyestaafu reli, muuguzi mmoja, mchungaji msaidizi, mama mmoja mfuga nyuki, na wengineo. Kila mmoja ana seva yake nyumbani, amehifadhi humo picha, muziki na barua za familia, hataki vitu vyake vilale kwenye mashine za kampuni asizozijua. Jumamosi asubuhi walikutana ukumbini chini ya kanisa, wakala maandazi ya sukari ya waridi, na mwenye mashine inayoumwa akaileta mezani.

Walikuwa na kanuni ambayo Armas aliilinda kama mlango wa benki. Anayesaidia anatamka amri, na mwenye mashine anaisoma yote kwa sauti kabla ya kubonyeza.

“Soma nilichosema,” Armas angesema.

“Nimeshasoma, mzee.”

“Umesoma kwa macho. Soma kwa mdomo.”

Walimcheka kwa hilo, wakamwita Mwalimu wa Madrasa ya Mabomba kwa jinsi alivyopenda kueleza amri kama maji yanayopita kwenye bomba. Hakujali. Kwa miaka yote ile, hakuna aliyepoteza kitu kwa kufuata neno la Armas. Wanachama wapo, waulizwe.

Kanuni ya pili ilikuwa ya nakala. Kila mwanachama alikuwa na mwenzake anayemtunzia nakala ya vitu vyake, ili nyumba moja ikiungua nyingine iwe nayo. Myron anakaa Westfort, sisi Port Arthur, upande wa pili wa mji, na wao wawili walikuwa wenzi wa nakala kwa miaka kumi na tisa. Kila usiku mashine ya Armas iliigongea mashine ya Myron, ikachukua kilichoongezeka, ikakifungia kwenye diski yake maalumu. Saa kumi na moja alfajiri ilimwandikia Armas barua pepe fupi: nimefanikiwa, au nimeshindwa. Armas aliisoma barua hiyo na kikombe cha kwanza cha kahawa, kabla ya gazeti, kabla ya kunisalimia mimi.

Myron alikuwa na diski mbili ndani ya seva yake, moja ikiiga nyingine. Siku alipozinunua alizileta ukumbini kuzionyesha, na Armas akazigeuza akisoma maandishi ya mgongoni.

“Umenunua mapacha, Myron. Boksi moja, siku moja. Watakufa siku moja.”

“Wewe ni fundi au mganga?”

“Fundi. Mganga angekupa na dawa.”

“Basi ndiyo maana nakuweka wewe mwenzi wa nakala, ndugu yangu. Mapacha wakifa, watoto wako kwako.”

Wakacheka. Nilikuwepo, nilipeleka maziwa.

Sasa nifike kwenye lile nililolificha. Septemba ya mwaka juzi daktari alimpa Armas jina la ugonjwa wake, ugonjwa wa kusahau. Mimi na yeye tulitoka hospitalini tukakaa ndani ya gari bila kuliwasha. Mwishowe nikamwambia, “Hili litakaa kati yetu.” Hakunijibu, nami nikalichukua kuwa ni ndiyo. Nilikuwa nimeona walivyomfanyia mwalimu mwenzangu mmoja, wakizungumza naye polepole na kwa sauti kubwa kama mtoto. Sikutaka mtu huyu, ambaye mji mzima ulimpigia simu ukikwama, aonewe huruma na watu aliowafundisha.

Barua za alfajiri ndizo zilizomtesa kwanza. Aliisoma moja mara tatu, akaniuliza ni nani anamwandikia. Siku nyingine barua ilisema kila kitu ni shwari, naye akaamini ni tishio, akashuka chini na nguo za kulalia kwenda kuzima mashine. Nilimkuta ameketi sakafuni mwa sauna, analia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi ya mama yake.

Tarehe tano Oktoba, saa nne asubuhi, nilifungua kompyuta yake. Mwongozo alioandika mwenyewe kwa ajili ya wanachama wapya ulikuwa mezani, umeeleza kila hatua kama kawaida yake. Nikaiamuru barua pepe ichukue kila barua ya mashine ile na kuiweka kwenye folda pembeni, asiione. Folda nikaiita Baadaye. Ilinichukua dakika tano. Nilijisifu, kusema kweli. Kesho yake Armas alikunywa kahawa yake kwa amani.

Wiki mbili baadaye, akitafuta tundu la kuchomeka taa, aliuchomoa waya wa ile diski yenye nakala za Myron. Hakujua ni waya gani, na mimi sikujua kama umechomolewa. Mashine ilijua. Kuanzia tarehe kumi na tisa Oktoba iliandika kila alfajiri: nimeshindwa.

Novemba Darka Petryk akaambiwa kwamba saratani imerudi. Darka hakuwa mtu wa kulala akingoja. Alianza kujirekodi, kila siku kidogo, kwa ajili ya wajukuu: namna ya kukunja kabichi, majina ya watu kwenye picha za zamani, nyimbo za mama yake, na matusi matamu ya kumtukana Myron kwa kuunguza vitunguu. Zilifika rekodi sitini na moja. Myron alinichezea moja jikoni kwake, akajifanya amekasirika. Kila jioni alizihamishia kwenye seva, akafuta kwenye simu kwa kuwa simu ilikuwa imejaa. Darka alifariki Februari.

Chama kilikuwa na desturi kwamba kila masika wenzi wa nakala huombana faili moja, kuhakikisha inarudi. Masika ile Myron alisema, “Mwaka huu tuache, sina nguvu.” Armas akasema sawa. Sitaji hilo ili kumlaumu mfiwa. Nalitaja kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Juni kumi na nne, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Myron akapiga simu. Diski moja ilikuwa inalia. Niliweka simu mezani, sauti wazi, nikakaa karibu na Armas kama nilivyozoea kufanya miezi ile, nikimnong'oneza neno likimkimbia. Siku hiyo hakunihitaji.

“Soma namba ya diski inayolalamika,” akasema.

Myron akasoma.

“Sasa soma namba iliyoandikwa kwenye hiyo uliyoshika.”

Akasoma. Zililingana.

“Soma tena, kwa mdomo.”

“Armas, mke wangu amekufa, sijawa kipofu.”

“Soma tena.”

Akasoma tena, akaitoa, akaweka mpya. Wanaosema Armas alitaja namba isiyo sahihi hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Diski mpya ikaanza kunakili kutoka kwa pacha aliyebaki, na ilipofika asilimia arobaini pacha akanyamaza. Ilikuwa kama Armas alivyosema siku ile ukumbini. Hapakuwa na kosa la mtu.

Myron hata hakushtuka. “Haidhuru,” akasema. “Watoto wako kwako. Nakuja.”

Alikuja na mkebe wa biskuti. Wakashuka wote wawili. Mimi nilikuwa nikiteremka ngazi na kahawa nilipowaona wameiinamia mashine. Taa ya diski ilikuwa haiwaki. Myron aliufuata waya kwa kidole hadi mwisho wake, akauchomeka, akangoja, akatazama. Kitu cha mwisho humo kilikuwa cha tarehe kumi na nane Oktoba. Wakati huo Darka alikuwa hajarekodi hata neno moja.

“Armas,” akasema, “barua hazikuja?”

“Zilikuja. Kila kitu shwari.”

“Ulizisoma?”

“Nazisoma kila siku.” Akanigeukia. “Si ndiyo, Helvi?”

Nilikuwa na sinia mikononi. Nilisema kahawa inapoa.

Myron hakupiga kelele. Aliuacha mkebe wa biskuti juu ya mashine akaondoka. Jumamosi iliyofuata chama kilituma mtu kuomba ufunguo wa ukumbi aliokuwa akiutunza Armas, na jina la Armas likaondolewa kwenye mwongozo alioandika yeye. Maneno ya ulevi yalianzia hapo, kwa sababu watu walitaka sababu, na iliyo ya kweli nilikuwa nimeikalia mimi. Ningeweza kusema siku yoyote. Niliwaza, nikisema alikuwa mgonjwa, watamdharau; nisiposema, watamchukia. Nikachagua achukiwe. Sijui kama nilimchagulia vema.

Armas alifariki Novemba, kwa kiharusi, asubuhi. Kanisani walikuja watu kumi na wanane. Myron hakuwemo.

Lakini ipo desturi nyingine ya chama: mwanachama akifa, mwenzi wake wa nakala ndiye anayekuja kuizima mashine yake kwa utaratibu na kuitolea familia picha zake. Machi hii nilimpigia Myron. Hakupokea, ikapokea mashine ya ujumbe ya simu, na sauti ya Darka ikaniambia hawapo, niache ujumbe. Ndiyo sauti yake pekee iliyobaki. Niliacha ujumbe, nikaketi hapo hapo.

Alikuja Jumatatu. Hakutaka kahawa. Alifanya kazi saa nzima, akatoa picha, akafunga huduma moja baada ya nyingine. Kisha akafungua barua pepe, nami nikabaki nimesimama nyuma yake, kwa kuwa nilikuwa nimeamua sitatoka chumbani.

“Kuna folda inaitwa Baadaye,” akasema.

“Ndiyo.”

Akahesabu kuanzia tarehe kumi na tisa Oktoba hadi Juni kumi na nne. “Mia mbili thelathini na tisa. Zote zinasema imeshindwa. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.” “Shemeji, agizo la kuzileta humu liliwekwa Jumamosi, tarehe tano Oktoba, saa nne asubuhi.”

“Ndiyo.”

“Saa hiyo Armas alikuwa nami ukumbini. Nilimfuata mwenyewe kwa gari.”

“Najua, Myron. Ni mimi.”

Aligeuza kiti. Nikamweleza yote, daktari, gari, sakafu ya sauna, na ile sinia. Sikuomba radhi mara mbili, niliomba mara moja, kwa maneno kamili. Alisikiliza akiuviringisha waya mkononi.

“Ungeniambia,” akasema. “Ningekuja kuzisoma mimi. Kila siku ningekuja.”

“Najua.”

“Nimemwita mlevi mbele ya watu.”

“Hilo nalo najua.”

Akavaa koti. Kwenye ngazi akasimama, mgongo kwangu. “Majirani wanasema kuanzia Juni taa ya huku chini iliwaka kila asubuhi. Alikuwa anazitafuta rekodi? Shemeji, niambie hili tu. Alijua ni wewe?”

Nilimwambia sitalijibu hilo. Akapanda akaenda.

Nimeandika haya kwa mkono wangu yabandikwe ukumbini, karibu na mwongozo, na ninataka jina la Armas Rautio lirudishwe juu yake. Aliyezificha barua ni mimi, Helvi Rautio, nikiwa na akili zangu timamu. Mwenye hasira aje kwangu, mlango anaujua. Kuhusu taa ile, na mume wangu alisema nini au hakusema nini katika miezi yake mitano ya mwisho, Myron amekwisha kuuliza na sikumjibu. Mwingine asijisumbue.